Pabu nne za Uingereza ninazozikubali, na jinsi ya kuipima painti yako

Pabu naipima kwa vitu viwili: chumba na pipa, yaani bia yenyewe. Mbao za karne ya 17 zikiambatana na bia iliyochacha, siihesabu.

Namba moja kwangu ni Princess Louise, High Holborn, London. Jengo ni la 1872 na mapambo ya ndani ni ya 1891: vigae vya rangi, vioo vilivyonakshiwa, mbao nzito. Ukarabati wa 2007 na 2008 ulirudisha vizuizi vya mbao na vioo, kwa hiyo kaunta iko katikati na vijumba vimeizunguka, kila kimoja na kipande chake cha kaunta. Wanaume, msitoke bila kuingia msalani. Marumaru ile ni ya enzi zile zile. Mwenye pabu ni Samuel Smith, kiwanda cha bia cha Tadcaster, Yorkshire, na humo vinauzwa vinywaji vyao tu. Ukiagiza Guinness utatazamwa. Hakuna muziki wala televisheni, na tangu 2019 simu hazitakiwi. Dosari yake: vijumba ni vidogo. Mkizidi sita mtatawanyika, na jioni watu wakitoka kazini mnasimama kwenye ukumbi mwembamba. Nendeni kati ya saa tisa na saa kumi na moja.

Blackfriar, karibu na stesheni ya Blackfriars, ni ya kutazama kuliko ya kukaa. Jengo ni la 1875, lakini linalokupeleka ni mapambo yaliyoanza 1905: michongo ya watawa wakivua samaki, wakiimba, wakivuna zabibu. Miaka ya 1960 nusura ivunjwe. Mshairi John Betjeman alikuwa miongoni mwa walioitetea. Chumba cha nyuma, chini ya reli, ndicho kizuri zaidi, ila wakati wa chakula meza zake huwahiwa.

George Inn, Borough High Street, ilijengwa upya 1677 baada ya moto. Ni mali ya National Trust, shirika la hisani linalotunza majengo ya kale. Roshani zake za mbao zilizunguka ua mzima hadi kampuni ya reli ilipobomoa pande mbili, umebaki mmoja. Kiangazi uani kumejaa pomoni, basi ingieni vyumba vya ndani, ambako wageni wengi hawafiki.

Nje ya London nachagua moja tu: Philharmonic Dining Rooms, Hope Street, Liverpool, iliyopandishwa 2020 hadi daraja la kwanza la majengo yanayolindwa.

Sasa bia yenyewe. Tuliozoea kuulizwa "baridi au moto?" tutakuta jibu la tatu. Bia ya pipa hutunzwa nyuzi 11 hadi 13, hamira ikiwa bado hai ndani, na huvutwa kwa pampu ya mkono bila kusukumwa na gesi. Povu ni dogo na haikwaruzi koo. Hiyo si hitilafu.

Hitilafu ni hizi. Harufu ya siki: pipa limefunguliwa muda mrefu na hewa imeingia, likishatobolewa, siku tatu zinatosha. Ukungu, yaani bia inayotakiwa kuwa angavu kuwa na wingu: pipa limetikiswa au limefika mwisho, na mashapo yamepanda. Ladha ya siagi mara nyingi ni uchachushaji usiokamilika au mipira michafu ya kupitishia bia. Painti ya kwanza ya mchana nayo huwa ya uvuguvugu, kwa sababu ililala kwenye mpira usiku kucha. Mhudumu makini huimwaga. Pabu yenye pampu nane na wateja kumi naiogopa: mapipa hayamalizwi kwa wakati. Mbili au tatu zinazokwenda haraka ni afadhali.

Agizeni kaunta, hakuna atakayewafuata mezani. Ombeni kuonja kwanza, ni kawaida. Nusu painti haimshushi mtu hadhi. Painti ni mililita 568. Povu likila sehemu kubwa, sema "naomba uniongezee" na utaongezewa bila malumbano. Bia mbovu irudishe kabla hujafika nusu ya glasi, kwa upole, na useme kasoro ni nini: siki, ukungu, au siagi. Kusema tu "siipendi" hakumlazimu mtu kukubadilishia.