Mitutu ya Dameski: Tathmini ya Fundi Mmoja wa Silaha Mjini Kampala

Bunduki ya marisau ya mitutu miwili aliyotuachia marehemu babu ilijulikana katika ukoo wetu huko Masindi kama "ya Dameski", na sikuwa na sababu ya kulitilia shaka jina hilo, kwa kuwa mitutu yake imejaa vizingo vidogo mithili ya nywele za kipilipili. Duka moja nililoipeleka mwanzo liliitazama juu juu kwa dakika mbili, likanithibitishia kuwa ni halisi, kisha likataka kuing'arisha yote kwa msasa. Namshukuru Mungu kwamba nilikataa.

Fundi ninayemtathmini hapa ni mwanajeshi mstaafu mwenye karakana ndogo. Baada ya kukagua leseni yangu ya polisi na kuhakikisha kuwa bunduki haina kitu ndani, alivua ubao wa mbele unaoshikiwa mkono wa kushoto, akaigeuza mitutu chini juu na kuniita dirishani penye mwanga. "Mzee, usitazame pale walipotaka utazame," akasema.

Alinieleza kwa subira kwamba mtutu halisi wa Dameski huanza na fito za chuma laini na za pua, yaani chuma kigumu, ambazo huunganishwa motoni, husokotwa kama kamba na kufuliwa pamoja kuwa utepe, kisha utepe huo huzungushwa kwenye fimbo na kuungwa kwa nyundo, ukingo kwa ukingo. Kwa hiyo nakshi imo ndani ya chuma chenyewe. Huendelea hata chini ya ubao, na maungio ya utepe huonekana yakipanda kwa mshazari kuuzunguka mtutu. Ukivihesabu vizingo katika upana wa utepe mmoja, utajua ni fito ngapi zilizotumika. Nakshi ya kuiga huchorwa kwa tindikali juu ya mtutu wa chuma cha kawaida.

Kwenye bunduki yetu vizingo vilikoma upana wa kidole gumba tu ndani ya sehemu iliyofunikwa na ubao. Upande wa chini kulikuwa na mstari mrefu ulionyooka ambapo ncha mbili za nakshi zilikutana bila kupatana, kama kitenge kilichoshonwa bila kulinganisha maua.

Hata hivyo hakutoa hukumu papo hapo, na hilo ndilo lililonifanya nimwamini. Aliniomba ruhusa, akasugua mahali pa siri penye ukubwa wa ukucha, akapafuta mafuta na kupapaka kloridi ya feri, dawa ileile ambayo mafundi wa redio hutumia kuchonga bodi za saketi. Katika Dameski halisi chuma na pua huliwa kwa kasi tofauti, na nakshi hurudi yenyewe. Hapa palibaki rangi ya kijivu tupu: nakshi yetu ilikuwa ya kuiga. Alama ya ELG ndani ya duara refu ilionyesha kwamba mitutu ilijaribiwa Liège, Ubelgiji, lakini alama hiyo hugongwa kwenye mitutu halisi na ya kuiga vilevile.

Nilidhani basi mtutu wa chuma kitupu ungefaa kwa risasi za leo. Alinikatalia kabisa, akapima chemba, yaani tundu risasi inapokaa, mbele yangu na kukuta milimita 65, wakati risasi nyingi zinazouzwa sasa ni za milimita 70, na akanikumbusha kwamba bunduki za bei nafuu za namna hiyo zilitengenezwa kwa ajili ya baruti nyeusi, ile ya zamani yenye msukumo mdogo kuliko ya leo, tena kutu ya ndani haionekani kwa nje.

Nililipa shilingi 120,000, na naiona bei hiyo kuwa ya haki. Kasoro ni kwamba nilisubiri saa mbili nimesimama, na hakuwa na utaratibu wa kuandika ripoti, hivyo matokeo niliyaandika mwenyewe kwenye daftari naye akatia sahihi. Wiki ijayo nitarudi kwake ili aondoe pini za kufyatulia bunduki isiweze kulipuka tena, kisha nikawaeleze wazee wa Masindi habari ya jina hilo.