King'ora cha kaboni monoksaidi jikoni: kilichonifaa na kilichoniudhi

Nyota 4 kati ya 5, na ningekinunua tena. Ni kifaa kidogo, chaenea kiganjani, kina kioo cha namba, taa na kitufe kimoja. Kazi yake ni kunasa kaboni monoksaidi, hewa ya sumu isiyo na rangi, harufu wala ladha, ambayo hutoka pale gesi, mkaa au kuni zinapoungua bila kupata hewa ya kutosha. Jiko la gesi lililo zima hutoa kidogo sana. Shida huanza likichafuka, au chumba kikifungwa kila upande.

Vipo vya bei nafuu visivyo na kioo, vinalia tu. Mimi nilitaka kioo kwa sababu ya jambo ambalo wauzaji wengi hawalisemi. Ving'ora vinavyofuata kiwango cha Ulaya, EN 50291, havilii papo hapo. Hewa ikiwa na 50 ppm, yaani sehemu 50 za sumu katika kila sehemu milioni za hewa, king'ora hulia baada ya dakika 60 hadi 90. Ikiwa 100, dakika 10 hadi 40. Ikifika 300, lazima kilie kabla dakika 3 hazijaisha. Sumu hii huumiza kwa kulimbikizana: hujishikiza kwenye damu kwa nguvu inayopita ya oksijeni zaidi ya mara 200, na damu iliyoshikwa hivyo haibebi oksijeni inavyopaswa. Kwa hiyo kikikaa kimya haina maana kwamba hewa ni safi. Na hata vyenye kioo havifanani. Kuna vinavyoonyesha 0 mpaka kiwango kifike 30. Changu kinaanza kusoma kwenye 10, ndiyo maana nilikichagua.

Faida yake niliiona kwa sufuria kubwa. Nilikuwa nimebandika ile pana inayofunika kichwa cha jiko chote, dirisha limefungwa kwa ajili ya mvua. Namba ikatoka 0 ikasoma 14, baadaye 22. Nilipoinama kutazama, moto upande mmoja ulikuwa wa bluu, wa upande wa pili umelegea, wa njano, unalamba kitako cha sufuria na kukitia masizi. Nikazima, nikafungua dirisha, namba ikarudi chini taratibu. Jiko lilipopoa nilikitoa kile kifuniko cha kichwa cha jiko: matundu kadhaa yalikuwa yamezibwa na uji uliofurika ukakaukia humo. Nikakiloweka, nikayazibua kwa waya mwembamba, nikakikausha vizuri kabla ya kukirudisha. Sufuria ileile, moto wa bluu pande zote, kioo kikabaki 0. King'ora hakikulia hata mara moja katika shughuli hiyo yote. Bila namba nisingejua kitu.

Kina pia kumbukumbu ya kiwango cha juu kilichowahi kufikiwa. Unabonyeza kitufe, kinakuonyesha. Hii naipenda kuliko yote, maana naweza kutoka, wengine wakapika, nami nikirudi nikajua jikoni palikuwaje.

Sasa yaliyoniudhi. Aliyeniuzia alinihakikishia kwamba kitanasa na gesi ya mtungi ikivuja. Si kweli, na maelezo ya kifaa chenyewe yanakanusha. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, hutulia sakafuni, na inahitaji kitambuzi chake kinachofungwa chini karibu na sakafu. Angalau hiyo ina harufu, iliyotiwa makusudi ili pua iigundue. Kaboni monoksaidi inakaribia uzito wa hewa, hivyo huenea chumba kizima, na king'ora chake hakifungwi sakafuni. Changu kiko ukutani, mita 2 hivi kutoka kwenye jiko, mbali na mvuke wa sufuria, wala si kando ya dirisha ambako upepo ungekidanganya.

Jambo la pili ni kitufe cha majaribio. Ukikibonyeza kinapiga kelele ya kutosha kuamsha mtaa, lakini kinachopimwa ni sauti na umeme wake tu, si uwezo wa kunusa sumu. Sehemu inayonusa huchakaa yenyewe kwa miaka, kwa kawaida kati ya 5 na 10, hata kama king'ora hakijawahi kulia. Mwaka wa kukibadilisha umeandikwa nyuma, kwa maandishi madogo mno, upande unaotazama ukuta. Mimi nimeuandika upya kwa kalamu ya wino mzito mbele.

Nyota moja nimeikata kwa karatasi ya maelezo. Imejaza kurasa kwa onyo la kutokipaka rangi, halafu la kufanya kikilia limebanwa kwenye pembe. Ni hili: zima jiko ikiwa liko karibu, fungua milango ukiwa unatoka, toeni watu wote nje, asirudi mtu ndani mpaka chanzo kijulikane. Mwenye kichwa kinachogonga, kizunguzungu au kichefuchefu apelekwe hospitali, na aseme wazi kwamba huenda amevuta hewa hii. Kile kipimo cha oksijeni kinachobanwa kidoleni hakiwezi kutofautisha damu iliyobeba oksijeni na iliyobeba sumu, kwa hiyo kinaweza kuonyesha namba nzuri kwa mtu aliye hatarini. Dalili zenyewe hufanana na mafua yasiyo na homa. Ukiona mmeumwa kichwa nyumba nzima kwa pamoja na mkitoka nje mnapata nafuu, usiende kutafuta dawa ya maumivu kwanza.

Kinachofuata ni kununua cha pili, cha ukutani karibu na vyumba vya kulala. Hicho hata kisipokuwa na kioo, sawa, mradi kiwe na sauti.