Mazoezi ya viungo nyumbani, Moshi: uzoefu wangu na baba

Nyota nne kati ya tano. Ya tano wameikosa kwa sababu ya muda, nitaeleza.

Baba yangu alipatwa na viharusi viwili kwa mpigo, kimoja kwenye ubongo na kingine kwenye uti wa mgongo. Mkono wa kushoto ulilegea, hilo kila mtu alilielewa. Lakini miguu yote miwili ilipooza na mkojo ukagoma kutoka, na CT scan ya kichwa haikuwa na jibu la hayo. Jibu lilikuja na MRI ya mgongo. Daktari alitueleza kwamba moyo wa baba unapiga bila mpangilio, damu inaganda humo, na mabonge yake yakasafiri: moja likapanda kichwani, jingine likaziba mshipa unaolisha sehemu ya mbele ya uti wa mgongo. Ni nadra mno. Kiharusi cha mgongo ni takriban asilimia 1 tu ya viharusi vyote, ndiyo maana kumpata mtu wa mazoezi anayekielewa ni kazi. Wa kwanza tuliyemwita alinyoosha upande wa kushoto, akaondoka.

Dada wa huduma hii alifika nyumbani Rau, akasema "Shikamoo mzee", akaketi akamsikiliza baba kabla ya kumgusa. Kisha akatoa pamba na kijiti chenye ncha. Pamba ikipita mguuni baba anaihisi, lakini ncha haimchomi, na kijiko cha moto na cha baridi kwake ni sawa. Dada akatuonyesha kwa kidole mgongoni: njia za maumivu na joto ziko upande wa mbele uliokosa damu, za mguso ziko nyuma na zimesalimika. Ilikuwa Julai, baridi ya huku mnaijua, na mama alikwisha kuandaa chupa ya maji moto ya miguuni. "Mama, hiyo usiweke kabisa, ataungua asijue." Kwa neno hilo tu, pesa yetu ilikuwa imerudi.

Mkono anaufanyisha kazi ndogondogo za kurudiarudia: kushika kikombe, kuvuta taulo mezani. Miguu ni kunyooshwa, kisha kukaa bila kuegemea na kuhama kutoka kitandani kwenda kwenye wilichea. Kaka yangu alifundishwa kumgeuza kila baada ya saa 2 ili asipate vidonda vya kulalia, na mfuko wa mkojo kuuning'iniza chini ya usawa wa kibofu. Baba sasa anakula mtori kwa mkono wake na anakaa mwenyewe. Miguu bado.

Masika wanachelewa sana, na simu hawapigi mpaka uwatafute. Kwa mgonjwa anayechoka asubuhi, hilo linaumiza.

Mkiwaita, waonyesheni majibu ya MRI siku ya kwanza, na waambieni mapema kama mgonjwa ana mpira wa mkojo, kwani si wote kwenye timu wamefundishwa kumhudumia.