Mtungi wa Mawe na Unga Mweusi: Nilivyoutazama Mchezo wa Sishi Tongtang

Tiketi ilikuwa yuan 120, kiti cha pembeni kabisa, na nilinung'unika nilipokikalia. Mchezo ulipofika katikati nikashukuru, maana kule pembeni ndiko walikoliweka jiko la akina Qi, familia ya hadithi hii. Waliokaa katikati walitazama vita, mimi nikatazama mwanamke anayepima unga.

Kwa asiyeijua hadithi: *Sishi Tongtang*, yaani vizazi vinne chini ya paa moja, ni riwaya ya mwandishi Mchina Lao She kuhusu kichochoro kimoja cha Beijing, enzi hizo mji ukiitwa Beiping, chini ya utawala wa Wajapani. Inaanza Julai 1937, mapigano yalipozuka kwenye daraja la Lugou nje kidogo ya mji, na inakwisha vita vinapokwisha, miaka minane baadaye. Majenerali huwaoni. Kuna mzee Qi, mwanawe mwenye duka la vitambaa, wajukuu watatu wa kiume, vitukuu wawili, na majirani. Toleo la jukwaani linalojulikana zaidi ni lile la 2010, lililoongozwa na Tian Qinxin wa jumba la taifa la tamthilia la China. Hilo sikuliona. Nililoliona mimi ni la vijana wa chuo, ukumbi mdogo, viti vya kukunja, saa tatu nzima na mapumziko ya kwenda msalani tu.

Sakafuni walikuwa wamechora kibuyu kikubwa kwa chaki. Sikuelewa mpaka nilipokumbuka kwamba Lao She mwenyewe anakifananisha kichochoro hicho na kibuyu: shingo nyembamba ya kuingilia, halafu kifua, halafu tumbo. Basi kila aliyeingia jukwaani alipitia shingoni, akijibana. Wajapani walipokuja, nao walipita humohumo mmojammoja, na kimya kilichoingia ukumbini sikukitegemea. Hakuna ngoma wala king'ora kilichofikia pale.

Tukio la kwanza ni la mzee Qi na mtungi. Mzee huyu haogopi kitu ila kufa kabla ya sherehe yake ya miaka 80. Aliwahi kuyaona majeshi ya nchi nane za kigeni yakiingia mjini mwaka 1900, na alichojifunza ni kwamba fujo zote Beijing huisha ndani ya miezi mitatu. Kwa hiyo: weka chakula cha miezi mitatu na mboga za chumvi, jaza mawe kwenye mtungi mbovu, uzuie lango. Basi. Anamwuliza Yunmei, mke wa mjukuu wake mkubwa, kama chakula cha miezi mitatu kipo. "Kipo, Babu," anajibu. Ila kutoka nilipokaa niliona mikono yake nyuma ya mgongo, anahesabu vidole, anarudia, hesabu haifiki. Watu wa katikati hawakuiona ile mikono. Sijui kama mwongozaji alikusudia au yule dada aliibuni mwenyewe, lakini kwangu mimi mchezo wote ulikuwa pale.

Maana hii hadithi, ukiiondolea kila kitu, ni hesabu. Miezi mitatu inakuwa mwaka, mwaka unakuwa minane. Na mtu aliyeijua hesabu hiyo vizuri hakuwa Lao She. Vita vilipopamba moto yeye alikimbilia kusini, akaishia Chongqing; mkewe, Hu Jieqing, akabaki na watoto, wakaishi Beiping chini ya Wajapani mpaka 1943 walipomfuata. Alipofika, watu wakawa wanakuja kumwuliza habari za mji, naye anasimulia: nani kafa, nani kauza nini, kinaliwa nini. Lao She amekaa pembeni anasikiliza. Mwaka 1944 akaanza kuandika. Kwa hiyo yale mambo ya jikoni ni ya Hu Jieqing, na mchezo ukiliacha jiko unakuwa umemwacha yeye.

Na waliliacha mara kadhaa. Tukio la jirani, mshairi Qian, kuteswa na Wajapani walilijaza taa nyekundu, moshi na kelele za spika, nikawa natazama saa. Qian ni mzee wa maua na pombe kidogo, asiyetoka nje; anayetisha ni yule anayerudi nyumbani akiwa si mtu yuleyule, na kwa hilo taa za nini? Kijana aliyemwigiza alijitahidi kupiga kelele. Angekaa kimya ningelia.

Mama wa majirani wengine, akina Guan, aitwaye Da Chibao, anayejipendekeza kwa Wajapani mpaka akapewa ofisi ya kukagua makahaba, alipendwa kuliko wote. Ukumbi ulicheka kila alipoingia na gauni lake jekundu. Nami nilicheka, halafu nikaona aibu, maana kila mtu anamjua mama wa namna hiyo mtaani kwake. Mumewe naye alikuwa na kikohozi kidogo cha kubembeleza kabla ya kusema na mkubwa yeyote. Nimekisikia kikohozi kile ofisi nyingi.

Lakini lililonibana koo ni la Tianyou, mwenye duka la vitambaa. Mtu mwaminifu, mpole, wa kukunja kitambaa mpaka pindo zikutane. Wanambambikia kosa, wanamvika fulana nyeupe yenye maandishi mekundu, wanamtembeza barabarani huku wakimlazimisha apige kelele kwamba yeye ni mlanguzi. Neno la Kichina ni *jianshang*, na nilipolitafsiri kichwani likaja lenyewe: mlanguzi. Mtanzania wa umri fulani hahitaji kuelezwa neno hilo. Babu yangu mzaa mama alikuwa na kiduka cha khanga Tanga, na mwaka 1983, msako wa walanguzi ulipotangazwa, alizika doti zake uani usiku kwa kuogopa kuhesabiwa. Najua si jambo moja: yale yalikuwa ya serikali yetu wenyewe, haya ni ya jeshi la kigeni, na babu alikufa kitandani kwake, uzeeni. Tianyou anakwenda mtoni asirudi. Ila ile aibu ya muuza nguo, ya kuitwa mwizi mbele ya wateja wake, naijua ilivyokuwa inakaa usoni mwa mtu. Yule mwigizaji aliipata. Kabla ya kuondoka alikunja ile fulana vizuri, pindo kwa pindo.

Sasa malalamiko. Juu ya jukwaa kulikuwa na skrini ya tafsiri ya Kiingereza, na ilichelewa kwa sentensi mbili au tatu muda wote. Matokeo yake mtoto anaomba chakula, skrini inasema karibu bwana Guan. Kichina changu ni cha miaka mitatu, nilijikongoja. Rafiki yangu wa Kampala niliyemburuta alisinzia, na simlaumu. Pia wale vijana wengi si wenyeji wa Beijing, na ilisikika. Bibi mmoja aliyekaa kushoto kwangu, mwenyeji wa mji, alikuwa anawasahihisha chinichini, akikunja ulimi mwishoni mwa maneno kama wafanyavyo wao. Nikamwambia, "Nainai (yaani Bibi), Kichina chako ndicho sikielewi." Akacheka, akanipa chungwa.

Sehemu ya tatu ndiyo ya njaa. Unga unatolewa kwa mgawo na si unga: pumba, makapi na vitu visivyo na jina, mweusi. Foleni ilizungushwa kwenye mstari wa kibuyu, waigizaji wote, hata waliokwisha kufa kwenye hadithi. Yunmei akaukanda ule unga mbele yetu. Haukushikana. Ulimeguka kila alipojaribu, na alijaribu kwa muda mrefu kuliko inavyoruhusiwa jukwaani, mpaka watu wakaanza kujikohoza.

Niuzi, kitukuu wa kike, anaukataa. Hawakutumia mtoto, alikuwa kijikoti cha pamba tu, kinapakatwa. Anakufa njaa vita vikiwa vimekwisha na nyumba bado haijajua. Mzee Qi anakibeba kile kijikoti kwenda kuwaonyesha Wajapani walichofanya, na mlangoni anakutana na bibi kizee wa Kijapani, ndiye anayempa habari kwamba Japani imesalimu amri. Wazee wawili, koti katikati yao. Bibi wa machungwa hakusahihisha chochote hapo.

Jambo ambalo wengi ukumbini huenda walilijua, mimi nilikuja kulijua baadaye: mwisho huu ulipotea. Lao She alimalizia riwaya Marekani, lakini Kichina cha sura za mwisho hakikuwahi kuchapwa, na mswada ukaangamia wakati wa Mapinduzi ya Kitamaduni, yaleyale ambayo yeye mwenyewe alikufa mwanzoni mwake, 1966, katika ziwa la Taiping. Kwa miaka mingi kilichojulikana kubaki ni tafsiri fupi ya Kiingereza ya 1951, aliyoifanya pamoja na Ida Pruitt. Mwaka 1982 Wachina wakausoma mwisho wa riwaya yao ukiwa umerudishwa kutoka Kiingereza. Nikiikumbuka ile skrini iliyokuwa inachelewa, naipunguzia hasira kidogo. Kidogo tu.

Ukienda kuitazama kokote inakochezwa, soma kwanza majina ya familia tatu, Qi, Qian na Guan, la sivyo nusu saa ya kwanza itakupita. Kula kabla. Na uliza jiko limewekwa upande gani.

Jumapili iliyofuata nilishuka kituo cha Ping'anli, nikatembea kutafuta kichochoro chenyewe upande wa Huguosi. Siku hizi kinaitwa Xiaoyangjia, na Lao She alizaliwa humo, namba 8. Mdomo wake ni mwembamba kweli: nilikutana na mzee mwenye baiskeli, ikabidi mmoja wetu arudi nyuma, nikarudi mimi. Humo ndani watu wanaishi, si makumbusho. Mama mmoja alikuwa anaanika shuka. Nikamsalimia, nikapita.