Filamu za upelelezi za mwezi mzima, kutoka kibanda kimoja cha Lubumbashi

Katika komini ya Kenya, mjini Lubumbashi (wasomaji wa Nairobi wasishtuke, hapa kwetu Kenya ni mtaa wenye soko kubwa), kuna kibanda kinachojaza filamu na nyimbo kwenye flashi za wateja. Sitakitaja jina, kwa kuwa si yote nitakayoyasema ni sifa. Mwezi wa Juni, wakati baridi ya kiangazi inapowafanya watu wajifungie ndani mapema, nilikubaliana na kijana anayekiendesha kwamba kila Jumamosi atanijazia filamu tano za upelelezi, za zamani na za sasa, kwa faranga 5,000, na kwamba hatanitilia hata moja ya mapigano. Sharti la pili nililirudia mara kadhaa, maana polisi wakionekana kwenye picha ya tangazo, wauzaji wengi hudhani mteja anataka risasi na magari yanayofukuzana, ilhali mimi nilitaka fumbo: maiti, washukiwa, na mtu mwenye subira ya kuuliza maswali.

Kwa upande wa picha sina malalamiko makubwa. Filamu nyingi zilikuja zikiwa zimetiwa sauti za Kifaransa, na zile za zamani zilikuwa na maandishi chini ya picha. Mojawapo ilikuwa na maandishi yaliyochelewa kwa sentensi mbili au tatu. Katika filamu ya mapenzi kasoro hiyo huvumilika, lakini katika filamu ya mahojiano, mshukiwa anapotikisa kichwa kukubali huku maandishi yakiwa bado kwenye swali la nyuma, mtazamaji anaweza kumhukumu asiye na hatia.

Kasoro nzito zaidi ilikuwa ya Témoin à charge, filamu ya Billy Wilder ya mwaka 1957, ambayo karibu yote inategemea kesi moja ya mauaji mjini London na wakili mzee, mgonjwa wa moyo, anayechezwa na Charles Laughton. Nakala niliyopewa ilikatika zikiwa zimebaki dakika kama kumi. Kwa filamu hiyo dakika kumi za mwisho ndizo filamu yenyewe, na zilizotangulia ni maandalizi tu. Nilikaa juma zima na hukumu yangu mwenyewe, na sitasema kama ilikuwa sahihi. Kwa haki, Jumamosi iliyofuata kijana alinipa nakala kamili bila kudai hata faranga moja.

Lakini kosa lililoniudhi kuliko yote halikutokana na mashine. Wakati kompyuta yake ikiendelea kunakili, kijana huyo, kwa nia njema kabisa ya kuisifu bidhaa yake, alinieleza mwisho wa Les Diaboliques. Hii ni filamu ya Henri-Georges Clouzot ya mwaka 1955. Katika shule moja ya bweni nchini Ufaransa, mke wa mwalimu mkuu na hawara wa mwalimu huyo, badala ya kugombana, wanaungana kumuua mwanamume anayewatesa wote wawili; wanamzamisha katika beseni la kuogea, wanamtupa ndani ya bwawa la shule, na bwawa linapokaushwa, maiti haimo. Baada ya picha ya mwisho, maandishi yanawaomba watazamaji wasiwasimulie rafiki zao walichokiona. Kijana alikiri kwamba ameitazama mara mbili, kwa hiyo maandishi hayo aliyasoma mara mbili. Nilipomuuliza kwa nini hakuyatii, alinijibu, “Papa, ile waliandikia watu wa sinema. Hapa ni duka.”

Nilirudi nyumbani nikiwa na hasira, nikaitazama hivyo hivyo, na hapo mwezi wangu ukabadilika. Kwa kuwa nilijua mwisho, niliacha kumtafuta mkosaji nikaanza kutazama namna ninavyodanganywa: uso mkavu wa Simone Signoret, pumzi fupi za Véra Clouzot, mke wa mwongozaji, anayecheza mke mwenye moyo dhaifu, na majirani wa ghorofani wanaolalamikia sauti ya maji kwenye mabomba usiku. Hakuna tukio lililowekwa bila kazi. Niliogopa, tena zaidi ya vile ambavyo ningeogopa bila kujua, na tangu siku hiyo nikawa na kipimo: filamu ya fumbo ambayo haiwezi kustahimili mtu aliyekwisha ambiwa jibu haistahili nafasi kwenye flashi yangu. Nyingi za miaka ya karibuni zilianguka kwenye kipimo hicho, na nilizifuta bila majuto.

Le Crime de l’Orient-Express niliitazama pamoja na baba mkubwa, mstaafu wa Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, katika toleo la Sidney Lumet la mwaka 1974. Treni inakwama katika theluji, abiria mmoja anakutwa ameuawa kwa kuchomwa kisu, na mpelelezi Hercule Poirot anawahoji wenzake mmoja baada ya mwingine. Treni kukwama hakukumshangaza baba mkubwa, kwani amewahi kusafiri kwa reli kutoka hapa hadi Kananga. Kilichomshangaza ni kwamba Poirot ni Mbelgiji, na kwamba katika riwaya ya kwanza ya Agatha Christie, ya mwaka 1920, aliingia Uingereza akiwa mkimbizi wa vita. Kizazi chake kiliwajua Wabelgiji wakiwa wasimamizi wa kambi za Union Minière, kampuni ya madini ya wakati wa ukoloni, watu wa kutoa amri. Mbelgiji mkimbizi, anayehifadhiwa kwa hisani ya wenyeji na kuudhika kila anapoitwa Mfaransa, kwake alikuwa kiumbe kipya. Aliyacheka masharubu ya Poirot hadi mwisho. Hakucheka, hata hivyo, pale Ingrid Bergman, katika nafasi ya mmisionari iliyompatia tuzo ya Oscar, anapoeleza kwamba anafundisha watoto wa Afrika walio nyuma kuliko yeye mwenyewe. Aliomba nirudishe picha, akasikiliza tena, kisha akasema, “Huyo ndiye nilianza kumshuku.” Ni sababu mbaya ya kumshuku mtu, na Poirot asingeikubali, lakini sikubishana naye.

Kuhusu Fenêtre sur cour ya Alfred Hitchcock, ya mwaka 1954, nitasema machache, maana kila anayeishi katika uwanja wenye wapangaji wengi anaielewa bila maelezo. Mpiga picha aliyevunjika mguu anakaa dirishani wakati wa joto kali, madirisha ya majirani yote yakiwa wazi, na kidogo kidogo anaamini kwamba mmoja wao amemuua mkewe. Karibu kila kitu tunakiona kutoka chumbani mwake. Wanawake wa uwanja wetu wangeimaliza kesi hiyo kwa siku moja.

Niliyemshangilia zaidi ni mzee kuliko wote: M le maudit, filamu ya Fritz Lang ya mwaka 1931, ya kwanza aliyoitengeneza yenye sauti. Hapa hata kijana wa kibanda hakuwa na la kuniharibia, kwa kuwa muuaji wa watoto tunamwona uso mapema. Swali ni nani atamfikia kwanza, polisi au majambazi wa mji, ambao misako ya usiku imewaharibia biashara. Anayemtambua ni kipofu muuza maputo, kwa mluzi tu. Nimeona filamu nyingi zenye mashine za kuchunguza alama za vidole, na hakuna iliyonisisimua kama sikio la yule kipofu.

Jumamosi ya mwisho nilipewa Memories of Murder ya Bong Joon-ho, iliyotoka mwaka 2003 na kujengwa juu ya mauaji ya kweli ya wanawake katika eneo la Hwaseong, Korea Kusini, kati ya mwaka 1986 na 1991. Mpelelezi wa kijijini anadai kwamba humtambua mhalifu kwa kumtazama machoni, na wenzake hupiga watu hadi wakiri. Yule aliyetoka Seoul anaamini karatasi peke yake. Ushahidi unabidi upelekwe Marekani kupimwa vinasaba. Saa mbili nilikaa ukingoni mwa kiti, na mwishoni mpelelezi, baada ya miaka mingi, anageuka na kututazama sisi machoni. Kisha majina. Muuaji hakutajwa.

Asubuhi nilikwenda kibandani na flashi mkononi, nikiwa na uhakika kwamba nimepewa tena nakala iliyokatwa. Kijana aliichomeka, akaisogeza hadi mwisho, akanionyesha majina ya Kikorea yakipanda. “Papa, haya hayaji kama filamu haijaisha.” Alikuwa sahihi: filamu ilipotengenezwa, kesi yenyewe haikuwa na jibu. Ni mwaka 2019 tu ambapo vipimo vya vinasaba vilimfikisha polisi kwa mtu aliyekuwa tayari gerezani, akitumikia kifungo cha maisha kwa mauaji mengine. Nilipomweleza hayo kijana alinyamaza kidogo, akairudia ile picha ya mwisho, akautazama uso wa mpelelezi bila kusema lolote, jambo lililo nadra kwake.

Nimelipia mwezi wa pili. Nilipokuwa nikiondoka alikuwa akibadilisha jina la filamu hiyo kwenye kompyuta yake, ili wateja wengine wasije kumgombeza. Mbele ya jina la Kiingereza aliongeza kwa herufi kubwa: MWISHO NI HUU HUU.