Tahadhari: tepe za nishani za "afisa wa Mjerumani"

Ndugu zangu mnaokusanya vitu vya enzi za Mjerumani, kuna mtu anazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp akiuza safu za tepe za nishani, yaani kale kaukanda ka rangi wanajeshi walikokuwa wakivaa kifuani badala ya nishani zenyewe. Mimi amenila laki nne na nusu.

Aliniambia ni za afisa wa Schutztruppe, yaani jeshi la Mjerumani kwenye makoloni yake, aliyepigana vita vya Maji Maji, akafia kwenye mapigano ya Mahiwa, Lindi, Oktoba 1917. Mahiwa napajua, mapigano yale yalikuwepo kweli, nikalainika nikatuma hela.

Mzigo ulipofika ndipo nikakagua tepe mojamoja. Ya kwanza nyeusi, ina mistari miwili myeupe karibu na kingo: Msalaba wa Chuma wa 1914. Hiyo sawa. Ya tatu ina mstari mwekundu katikati, na myeusi na myeupe kila upande. Huo ni Msalaba wa Heshima wa Vita vya Dunia, ulioanzishwa Julai 1934! Marehemu wa 1917 aliuvaa lini? Wajane na wazazi wa waliokufa walipewa wa kwao, ila tepe yake ina kingo nyeupe. Hii niliyouziwa ina kingo nyeusi.

Usiku nikaimulika kwa taa ya kukagulia noti bandia. Uzi wa kushonea uliwaka buluu kali, wakati pamba na hariri za zamani kwa kawaida hubaki zimefifia. Lakini msiitegemee taa peke yake: tepe ya kale ikifuliwa kwa sabuni ya siku hizi nayo huwaka, na feki nyingine haziwaki kabisa. Kilichonimaliza ni pini. Imejaa kutu, halafu kitambaa kinachoigusa hakina hata doa. Kutu ya miaka mingi lazima ingeacha alama ya kahawia.

Mtamjua hivi: picha anazipiga juu ya kitambaa cha kijani, upande wa mbele tu. Ukiomba picha ya nyuma anasema kuna mteja mwingine yuko njiani na hela. Msilipe kabla hamjaona nyuma, mchana, kwa karibu, na kabla hajawatajia kila tepe ni ya nishani gani na ya mwaka gani. Nilipodai changu akaniblock; sasa anatumia jina jingine.

Kama umeshamtumia, usifute meseji wala risiti ya muamala. Nenda navyo polisi.