Karakana ya Mkunazini na diski iliyokuwa ikiangusha kompyuta yangu

Kazi yangu ni kuhariri video za harusi, na nilikuwa nimefika mahali pa kuiogopa diski yangu mwenyewe. Kila nilipoichomoa diski ya nje kwenye kompyuta yangu ya mkononi, ambayo inatumia Linux, skrini iliganda, taa ya kitufe cha herufi kubwa ikaanza kumweka, na sikuwa na la kufanya ila kushikilia kitufe cha umeme mpaka mashine izime. Kabla ya hapo nilikwishalipa mahala pawili: pa kwanza walinibadilishia RAM, pa pili wakanishauri nifute kila kitu na kuweka Windows, ushauri ambao niliukataa.

Karakana ninayoisifu hapa imo uchochoroni Mkunazini, Zanzibar, si mbali na soko la Darajani. Ni chumba kimoja chenye meza mbili na feni. Fundi hakushika bisibisi. Aliuliza kwanza kama mashine inaganda papo hapo au baada ya muda, kama huwa nimeiaga diski kwa utaratibu au naing'oa tu, na kama flashi ya kawaida nayo huleta balaa hilo. Flashi haikuwahi kuiangusha, na jibu hilo ndilo lililompa pa kuanzia.

Ugumu wa maradhi haya ni kwamba keneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, ikianguka mara nyingi haiwahi kuandika kwenye diski habari za kuanguka kwake, kwa hiyo ukiwasha tena unakuta logi, yaani kumbukumbu za matukio ya mfumo, imekatika kabla ya tukio. Fundi aliunganisha kompyuta yangu na yake kwa waya wa mtandao (Wi-Fi, alisema, haifai kwa kazi hiyo), akawasha netconsole, ambayo hutuma ujumbe wa keneli kwenye mashine nyingine papo hapo unapotoka. Kisha akanigeukia: "Haya bibie, ichomoe." Yangu ikaganda kama kawaida, lakini kwenye skrini yake mistari ikamiminika, na katikati yake akanionesha kwa ncha ya kalamu jina la draiva (programu inayoiwezesha keneli kuongea na kifaa) iliyokuwa kazini: uas, inayowasiliana na diski za USB kwa njia ya kasi iitwayo UAS.

Alinieleza kwamba diski inapochomolewa, draiva hutakiwa kufuta amri zote zilizokuwa njiani, isubiri kila anayeitumia diski aiachie, ndipo irudishe kumbukumbu iliyoishikilia. Kwenye mashine yangu kumbukumbu ilirudishwa mapema, amri moja ikiwa bado inaielekea, kama mtu anayerejea usiku na ufunguo mkononi akakuta nyumba imekwishavunjwa. Keneli ikigusa anwani ya namna hiyo haiwezi tena kujiamini, nayo huweza kusimama.

Tiba ya kwanza ilikuwa mstari mmoja. Alisoma namba ya utambulisho ya kasha la diski, tarakimu nne na nne, akaiandika kwenye maelekezo ya kuwashia mfumo pamoja na herufi u, ili kasha hilo liache UAS na litumie draiva ya zamani ya usb-storage. Baada ya kuninakilia kazi zangu zote pembeni, aliniachia niichomoe mwenyewe mara ishirini, mara nyingine faili zikiwa bado zinahamishwa, na mashine haikuanguka hata mara moja. Hata hivyo alinisisitizia kwamba nyumbani nisithubutu, kwa sababu Linux inaweza kukaa na data kwenye kumbukumbu hadi kiasi cha sekunde 30 kabla ya kuanza kuiandika, hata kama dirisha la kunakili limekwishafungwa.

Kasi ilipungua, na kwa faili za video hilo linaumiza. Siku ya nne aliweka keneli mpya zaidi, akaiondoa ile herufi u, akajaribu upya. Kasi ikarudi na mashine ikabaki wima.

Nililipa shilingi 40,000, nami naona ni haki. Kilichonikera ni kwamba hatoi risiti wala maelezo ya maandishi, na nililazimika kuyanakili mwenyewe kwenye daftari, jambo ambalo fundi wa kiwango chake angelirekebisha. Anayekwenda achukue diski ileile pamoja na kasha na waya wake, kwani mwanzoni nilipeleka kompyuta peke yake na siku nzima ikapotea.